Lecuona Anapiga Lecuona: santuri ya mtunzi inatuambia nini

Ukiona jina Lecuona kwenye santuri ya zamani, usikimbilie kuamini kwamba anayepiga piano ni Lecuona. Ernesto Lecuona, mtunzi na mpiga piano wa Kuba, alipeleka kundi la wanamuziki Hispania mwaka 1932. Akaugua, akarudi kwao, na kundi likabaki Ulaya chini ya mpiga piano mwingine, Armando Oréfiche. Jina la Lecuona likabaki juu yake: Lecuona Cuban Boys. Bendi hiyo ikazunguka miji mikubwa ya Ulaya kwa miaka, ikarekodi santuri chungu nzima, na mwenye jina lake hakuwa amekaa kwenye piano hata moja.

Kwa hiyo santuri ndefu ya kampuni ya RCA Victor iliyotoka Marekani mwaka 1955 kwa jina la Lecuona Plays Lecuona ilikuwa inasema jambo ambalo lilihitaji kusemwa. Safari hii ni yeye mwenyewe, peke yake, bila bendi, bila mwimbaji, anapiga vipande alivyotunga. Wanaokusanya santuri za zamani huitafuta kwa sababu hiyo. Lakini maneno “mtunzi mwenyewe anapiga” yana mambo mengi yaliyofungwa pamoja, na wengi huyabeba kama fungu moja: kwamba hivi ndivyo wimbo ulivyo, kwamba hii ndiyo sauti ya wakati ulipotungwa, kwamba hii ndiyo nakala ya kwanza. Kila moja ya hizo ni habari tofauti.

Kwanza tumjue mwenyewe. Lecuona alizaliwa Guanabacoa, ng'ambo ya bandari ya Havana, tarehe 6 Agosti 1895. Dada yake Ernestina, aliyekuwa mpiga piano na mtunzi, ndiye aliyemfundisha piano kwanza. Baba yao, mwandishi wa habari mwenye asili ya Visiwa vya Canary, alifariki Ernesto akiwa bado mtoto, na kijana akaanza mapema kutafuta riziki kwa kupiga piano kwenye majumba ya sinema, enzi hizo filamu hazina sauti. Alimaliza masomo kwenye konsevatori, yaani chuo cha muziki, ya Havana akiwa hajafika miaka ishirini. Kuanzia hapo alitunga bila kupumzika: nyimbo za kuimba, michezo ya jukwaani yenye muziki, na vipande vya piano. “Siboney” ni wake. “Malagueña” ni wake. “Andalucía” ni wake pia, ingawa Wamarekani waliijua kwa maneno ya Kiingereza kama “The Breeze and I”, baada ya bendi ya Jimmy Dorsey kuivumisha mwaka 1940.

Sisi huku muziki wa Kuba tuliupokea kwa mlango mwingine kabisa. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilitoa santuri za Kuba kwa ajili ya soko la Afrika, zenye herufi GV, na hizo zilijaa son na rumba: gitaa, tarumbeta, marakasi, na sauti za kupokezana. Zilivuma Kongo, na mvumo wa Kuba ukafika pia Tanganyika. Salum Abdallah wa Morogoro hakuiita bendi yake Cuban Marimba kwa mzaha. Piano ya peke yake, ya sebuleni, haikuwa na nafasi kwenye ukumbi wa dansi, kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye dansi la zamani anaweza kuufahamu mdundo wa Lecuona vizuri sana bila kuwahi kumsikia Lecuona mwenyewe.

Tuje kwenye miaka, maana hapa ndipo wanunuzi hupotea. Santuri moja ina miaka mitatu: mwaka wa kutungwa, mwaka wa kurekodiwa, na mwaka nakala uliyoshika ilipotoka kiwandani. “La comparsa”, mojawapo ya vipande vyake mashuhuri zaidi, aliitunga akiwa na umri wa miaka kama kumi na saba, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alipoingia studio katikati ya miaka ya 1950 alikuwa anakaribia sitini. Yaani anayepiga ni mzee, aliyetunga ni kijana, na kati yao kuna miaka arobaini ya majukwaa. Tukisema tunamsikia “mtunzi”, tunamsikia mtu ambaye kwa muda wote huo amekuwa akikipiga kile kipande, akikifupisha hapa, akikitia madoido pale, akigundua kinachowapendeza watu.

Mwaka wa tatu ndio unaogombaniwa madukani, na hautafutwi kwenye jalada. Pindua sahani uitazame kwenye mwanga, ile sehemu laini isiyo na muziki, kati ya mfereji wa mwisho na lebo. RCA Victor waliandika hapo namba za kila upande, na herufi ya mwanzo ni mwaka: F ni 1955, G ni 1956, H ni 1957, halafu wanairuka I, ndiyo maana 1958 ni J. Mwishoni utaona kitu kama 1S au 5S. 1S ni mchongo wa kwanza wa upande huo, yaani mara ya kwanza mifereji yake ilipochongwa kwenye sahani ya kutolea nakala; 5S ni wa tano. Muuzaji atakuambia kwamba 1S ndiyo ya kwanza kutoka, hivyo bei ipande. Si lazima. Kampuni ilikuwa na viwanda Indianapolis, Rockaway na Hollywood, na michongo tofauti ilipelekwa viwanda tofauti, kwa hiyo nakala ya 1S na ya 5S huenda ziliuzwa wiki moja kwenye pembe mbili za nchi. Zaidi ya hayo, herufi F inakuambia upande huo ulisajiliwa lini, haikuambii sahani yako ilikandamizwa lini. Nakala ya 1962 inaweza kubeba F bila aibu.

Kwa hilo, tazama lebo. Lebo nyeusi yenye mbwa anayesikiliza gramafoni ni ya miaka ya 1950 na 1960. Chini ikiandikwa Long Play, ni ya mapema zaidi kuliko ile iliyoandikwa Mono, yaani sauti ya njia moja. Lebo ya rangi ya chungwa ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. (Mbwa huyo, kwa njia, ni yuleyule wa HMV, kampuni iliyomrekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928. Amesikiliza mengi.) Herufi za namba ya kava nazo zinasema: LPM ilikuwa ni santuri za mono za muziki wa kawaida wa kupendwa, LM ni za mono za muziki wa klasiki, zile za lebo nyekundu walizoziheshimu zaidi. Lecuona aliwekwa kwenye LPM. Mtu aliyeandika danza (vipande vifupi vya mdundo wa dansi) na suti (mafungu ya vipande) za piano zinazopigwa mpaka leo kwenye kumbi za konsati aliwekwa rafu moja na muziki wa kuchezea karamuni. Sidhani kama yeye mwenyewe alijali. Alikuwa amezoea kuishi pande zote mbili, na kwa kweli mauzo yalikuwa upande ule.

Herufi nyingine ya kuiangalia ni (e), ndogo, ndani ya mabano. Stereo ilipoingia sokoni mwaka 1958, makampuni yalijikuta na maghala yaliyojaa rekodi za mono ambazo wateja wapya walianza kuzidharau. Miaka ya 1960 mafundi wakazitengenezea stereo ya bandia: sauti za juu zikasukumwa zaidi spika moja, za chini spika nyingine, mwangwi kidogo ukaongezwa juu, na sahani ikarudi dukani na herufi ile. Kwa okestra unaweza kuvumilia. Kwa piano moja ni maafa, kwa sababu mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja hutenganishwa kama wapigaji wawili waliokosana, na mguso wa vidole, ambao ndio hasa uliokufanya ununue santuri ya mtunzi, huzama kwenye mwangwi. Kati ya mono iliyokwaruzika kidogo na stereo ya bandia iliyo safi kama kioo, chukua mono.

Sasa muziki. Hesabu mpaka nane, polepole, kwa nafasi zilizo sawa. Piga makofi kwenye moja, tatu, nne, sita na saba, kisha rudia. Umepiga cinquillo, mdundo wa makofi matano unaobeba danza za Kuba. Ukipiga moja, nne na saba tu, unapata ndugu yake mdogo, tresillo. Midundo hii ina asili ya Afrika, na cinquillo huhusishwa hasa na watu waliokimbilia mashariki ya Kuba kutoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, baada ya watumwa kuasi mwaka 1791. Katika karne ya kumi na tisa watunzi kama Manuel Saumell na Ignacio Cervantes waliuingiza kwenye danza fupi za piano, na Lecuona akaurithi.

Tatizo ni noti. Kwenye karatasi cinquillo inaandikwa ndefu, fupi, ndefu, fupi, ndefu, na kila ndefu ni sawa na fupi mbili kamili. Mwanafunzi wa Berlin au Tokyo akiipiga ilivyoandikwa, hajakosea hata noti moja, na hakuna atakayecheza. Wakuba hawaipigi hivyo. Ile ndefu wanaipunguza kidogo, ile fupi wanaipa nafasi kidogo, mdundo unaegemea upande wa utatu, yaani mapigo matatu yaliyo sawa, bila kuufikia, na kiasi cha kuegemea hubadilika kutoka kishazi kimoja mpaka kingine. Aliyekulia Pwani na chakacha hahitaji kuelezwa zaidi, maana mwili unajua kuna mahali kati ya mbili na tatu pasipo na alama kwenye karatasi. Hapo ndipo santuri ya mtunzi inapostahili bei yake. Noti zinapatikana popote. Ule mwegemeo ulirithiwa kwa masikio, na hapa umehifadhiwa na mtu aliyezaliwa ndani yake.

Sikiliza “La comparsa” ukiwa na hilo kichwani. Comparsa ni kundi la watu wanaoandamana na ngoma wakati wa kanivali. Kipande kinaanza chini sana: mkono wa kushoto unapiga ngoma peke yake, sauti ya mbali, mtaa wa tatu au wa nne kutoka hapa. Wimbo unaingia juu yake. Maandamano yanakaribia, sauti inapanda, yanapita mbele yako kwa kishindo, halafu yanashika njia na kufifia mpaka ngoma inabaki peke yake tena. Wapigaji wengi hukitendea kipande hiki kama kadi ya salamu: wanapunguza mwendo pale wimbo unapopendeza, wanautazama, kisha wanaendelea. Lecuona hafanyi hivyo. Kushoto kwake hakumsubiri mtu. Wimbo wa mkono wa kulia unaweza kuchelewa au kuwahi kidogo, unyooshe shingo utakavyo, ngoma inatembea tu, kwa sababu maandamano hayasimami kumngoja aliye dirishani.

Nimesema dirishani makusudi. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886, miaka tisa tu kabla Lecuona hajazaliwa. Comparsa zilikuwa za watu weusi wa mitaani, na Havana ilizipiga marufuku kwa miaka mingi mpaka zikaruhusiwa tena 1937. Danza zake za Kiafrika-Kuba zina majina kama “Danza lucumí”, yaani ya watu wenye asili ya Kiyoruba, na “Danza de los ñáñigos”, wale wa chama cha siri cha Abakuá chenye mizizi kwenye pwani ya mpaka wa Nigeria na Kameruni. Lecuona alikuwa mtoto wa familia ya Kizungu yenye piano ndani ya nyumba. Aliisikia ngoma vizuri, tena vizuri kuliko wengi wa tabaka lake, lakini aliisikia inakuja na kuisikia inaondoka. Hilo si kosa la kipande. Ndilo umbo lake, na anapokipiga mwenyewe umbali ule hauufichi wala hauupambi.

“Malagueña” ni jambo jingine. Hii si Kuba, ni Hispania ya Kusini, kipande cha mwisho katika suti yenye vipande sita iitwayo Andalucía. Maduka ya Marekani yaliweka yote haya kwenye fungu moja la “muziki wa Kilatini”, na mpaka leo mtu anaweza kudhani Málaga na Guanabacoa ni mitaa miwili ya mji mmoja. Noti zake zilichapwa New York mwaka 1928 na zikauzika mno, zikarahisishwa kwa wanafunzi, zikapangwa kwa piano mbili, kwa okestra, kwa bendi za matarumbeta. Ndiyo maana kila mtu anadhani anaijua, na ndiyo maana kumsikia mwenyewe kunashtua. Wengine huijaza pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti, mpaka ikawa wingu. Yeye anaipiga kavu, haraka, kama gitaa, na zile sehemu ambazo wenzake hulia machozi anazipita akiwa na shughuli nyingine. Mara ya kwanza nilidhani hana hisia nayo. Kadiri ninavyoisikiliza naona ni wengine waliomwaga sukari.

Lakini je, haraka hiyo ni yake au ni ya mashine? Swali ni la haki. Lecuona alirekodi piano kwa ajili ya Victor tangu miaka ya 1920, enzi za santuri za mizunguko 78, ambapo upande mmoja wa inchi kumi ulibeba kama dakika tatu. Kipande kirefu kilikatwa au kilikimbizwa. Alipigia pia roli za karatasi za piano za kujipiga, na roli ina matundu ambayo fundi anaweza kuyarekebisha baadaye, noti iliyokosewa ikapotea na mwendo ukanyooshwa. Rekodi hizo mbili zote zina shaka. Santuri ya 1955 haina shaka ya namna hiyo: LP, yaani santuri ndefu, iliyoanzishwa na kampuni ya Columbia mwaka 1948, ilibeba zaidi ya dakika ishirini kwa upande, na hakuna aliyekuwa amemshikia saa. Akaenda haraka vilevile. Kwa hiyo haraka ni yake.

Hata hivyo singemshauri mpiga piano aigeuze santuri hii kuwa sheria. Lecuona aliandika kwa mikono yake, mikubwa, na wa kushoto wenye nguvu, na alipopiga hakujisikia amefungwa na alichokuwa amekichapisha: anaongeza oktava (noti ileile juu au chini), anajaza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Ukifuata karatasi umeiacha santuri, na ukifuata santuri umeiacha karatasi, na zote mbili zimetiwa sahihi na mtu mmoja. Mimi naichukua kama ushahidi wa mambo ambayo karatasi haiwezi kuyasema, yaani mwegemeo wa mdundo, ukavu wa pedali, na ngoma isiyosubiri. Noti gani ipigwe ni shauri la karatasi.

Kama una sahani yenyewe na unataka kuisikiliza, mambo ni machache. Sindano iwe ya LP. Ile nene ya gramafoni ya santuri 78 italima mifereji na kuimaliza kwa mara moja. Ukiwa na kitufe cha mono kwenye amplifaya, kibonyeze, nusu ya mikwaruzo itanyamaza. Na kama una LP nyingine ya zamani zaidi ambayo sauti yake ni kali kupita kiasi au nzito kupita kiasi, kumbuka kwamba kipimo cha pamoja cha kusawazisha sauti za santuri, kile cha RIAA, chama cha makampuni ya santuri, kilikubaliwa Marekani mwaka 1954. LP za kabla ya hapo zilifuata vipimo tofauti, na mashine ya leo inazisoma zote kama ni moja.

Limebaki la haki, na hapa mambo yamekaa kichwa chini miguu juu. Santuri ina haki mbili ndani yake: ya utunzi, yaani wimbo wenyewe, na ya rekodi, yaani sauti hii iliyonaswa siku hii. Lecuona aliondoka Kuba mwaka 1960, baada ya mapinduzi, na akafariki Santa Cruz de Tenerife tarehe 29 Novemba 1963. Nchini Kenya haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo hesabu yake iliisha na mwaka 2013. Marekani hawahesabu kazi za zamani kwa kifo bali kwa mwaka wa kuchapishwa, miaka 95. “Malagueña” ya 1928 ilitoka kwenye ulinzi huko tarehe 1 Januari 2024. Yeyote anaweza kuipiga, kuipanga upya na kuiuza.

Sauti ya Lecuona akiipiga, je? Marekani, kwa sheria ya 2018, rekodi zilizotoka kati ya 1947 na 1956 zinalindwa miaka 110, hivyo santuri ya 1955 imefungwa mpaka mwisho wa 2065. Ulaya, rekodi kama hiyo ilikuwa na miaka 50 tu, ikaachiliwa mwisho wa 2005. Muda ulipoongezwa kuwa miaka 70, rekodi zilizokwisha toka hazikurudishwa ndani. Ndiyo sababu unakuta CD za bei rahisi za Lecuona zilizotengenezwa Ulaya na kampuni usizowahi kuzisikia, nyingine zikiwa zimenakiliwa moja kwa moja kutoka kwenye sahani kama hiyo uliyonayo, mikwaruzo na yote. Ukirekodi mwenyewe “Malagueña” kwenye piano ya kanisani na kuipandisha mtandaoni, Marekani haikudai kitu. Ukipandisha santuri, mashine ya kutambua sauti inaweza kuikamata kabla hujafunga ukurasa.